Uzazi Salama Nao ni Ulinzi

Askari yeyote aliyewahi kukaa mstari wa mbele anajua kwamba kikosi hakishindwi kwa risasi za adui peke yake. Kikosi chenye ari kubwa na silaha nzuri huweza kuvunjika kwa sababu lori la chakula halikufika, au kwa sababu amri ya kupeleka mahitaji imefutwa na mtu aliye mbali sana, ambaye hakupata kuliona handaki hata siku moja. Ndiyo maana katika mafunzo ya kijeshi somo la ugavi halipuuzwi.

Leo twataka kuzungumza na ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na wa polisi juu ya mstari wa mbele wa namna nyingine, ambako wapiganaji ni kina mama wajawazito na wakunga wao, na ambako ugavi umekuwa ukikatwa na kurudishwa, ukikatwa tena na kurudishwa tena, kwa zaidi ya miaka arobaini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi. Hao ni zaidi ya 700 kila siku, na yapata saba katika kila kumi walikuwa wa Afrika iliyo kusini ya Sahara. Jeshi lipotezalo watu 700 kwa siku lingeitisha baraza la vita. Basi na sisi tuitishe baraza letu, tuanzie mahali pamoja panapojulikana kwa jina.

Dzaleka na watu wake

Ukitoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, ukaifuata barabara kuu iendayo kaskazini, baada ya kilomita arobaini na kitu unaifikia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa. Wamalawi wa rika la kwanza la uhuru walilijua jina hilo kwa hofu, kwani mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Malawi ilifanya uchaguzi wake wa vyama vingi, na ambao Rwanda iliteketea kwa mauaji ya kimbari, pakageuzwa kambi ya kuwapokea wakimbizi.

Malawi haikuwa ngeni kwa kazi hiyo. Wakati wa vita vya Msumbiji nchi hiyo ndogo, isiyo na bahari wala madini mengi, ilipata kuwahifadhi Wamsumbiji zaidi ya milioni moja. Wengi wao walirudi kwao baada ya amani ya mwaka 1992. Lakini wa Dzaleka hawakurudi, bali waliongezeka. Walitoka Rwanda na Burundi, na kwa wingi zaidi walitoka mashariki ya Kongo: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na kwingineko. Kambi iliyokusudiwa watu elfu kumi na kitu ilikuwa na zaidi ya 50,000 kufikia mwaka 2023. Katika vichochoro vyake Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda, ijapokuwa mkunga anayewapokea zahanati huenda akawa msemaji wa Chichewa.

Je, askari wetu ana uhusiano gani na watu hao? Anao, tena wa damu. Tangu mwaka 2013 askari wa Tanzania, Malawi na Afrika ya Kusini walikuwa pamoja katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa huko Kongo ya mashariki. Mwezi Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni, askari wa Malawi, Chancy Chitete, alipoteza maisha yake alipokuwa akimwokoa mwenzake wa Tanzania aliyekuwa amejeruhiwa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia marehemu Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo ni ya ushujaa wa kipekee, na mjane wake ndiye aliyeipokea. Chitete alikufa akilinda nchi ambayo wanawake wa Dzaleka waliikimbia. Yeye alikuwa katika mwanzo wa njia yao, na wao wako katika mwisho wake. Hatuwezi kuuheshimu mwanzo wa njia kwa nishani, kisha tukaupa kisogo mwisho wake.

Mama anahitaji nini

Watu wengi hudhani kwamba kumwokoa mama mzazi ni kazi ya mitambo mikubwa. Sivyo. Sababu kubwa za vifo zinajulikana: kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, maambukizo, uchungu pingamizi ambao mtoto hawezi kupita, na mimba zilizoharibiwa kwa njia za hatari. Dawa zake nazo zinajulikana. Sindano ya oksitosini hulifanya tumbo la uzazi lijikaze na damu ikome, nayo yataka kuhifadhiwa katika jokofu. Vidonge vya misoprostoli hufanya kazi ya namna hiyo pasipo jokofu. Sindano ya magneziamu salfeti huzuia kifafa. Antibiotiki hutibu maambukizo. Uchungu pingamizi huhitaji chumba cha upasuaji, daktari, nusukaputi na damu ya akiba.

Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu itokayo ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Kipimo kikifika mahali pa hatari, matibabu yote hutolewa kwa pamoja bila kungojeana. Matokeo yake ni kwamba hali mbaya za kutoka damu zilipungua kwa asilimia 60. Kifaa ni kipande cha plastiki chenye mistari, na elimu ni ya siku chache. Hapo twaona kwamba si gharama kubwa inayotushinda. Kinachotushinda ni kifaa kutokuwapo saa kinapohitajika.

Na saa ndiyo kiini cha jambo. Mama aliye mzima kabisa asubuhi, akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Wataalamu husema kwamba mama huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Katika Dzaleka kipo kituo cha afya kinachowahudumia wakimbizi na pia wanakijiji Wamalawi wa jirani. Shida ikizidi uwezo wake, mama hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, na ikizidi hapo, Lilongwe, ambako hospitali za Bwaila na Kamuzu hupokea wazazi kutoka kila upande. Hesabu basi, ndugu msomaji: gari la wagonjwa, petroli, dereva, simu ya kuitia gari, dawa ya kumshikilia njiani, na mlango utakaofunguliwa upande wa pili. Kila kimoja katika hivyo kina fedha yake, na sehemu kubwa ya fedha hiyo imekuwa ikitoka nchi za mbali.

Fedha inayokuja na kuondoka

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia idadi ya watu na afya ya uzazi, UNFPA, lilianza kazi mwaka 1969. Miongoni mwa waliolisimamisha ilikuwa Marekani yenyewe. Ndilo shirika linalopeleka katika kambi za wakimbizi vifurushi vya uzazi, kuanzia kile kidogo kabisa chenye shuka la plastiki, sabuni, wembe mpya na nyuzi za kufungia kitovu, hadi vile vya upasuaji.

Mwaka 1973 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza fedha za misaada ya nchi hiyo zisilipie utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi. Sheria hiyo haijaondolewa. Lakini mwezi Agosti 1984, katika mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu uliofanyika mji wa Mexico, serikali ya Rais Reagan ilikwenda mbele zaidi. Ilitangaza kwamba chama chochote cha nje kisicho cha serikali hakitapata fedha za Marekani za kupanga uzazi kama kinatoa mimba, au kinashauri juu ya jambo hilo, au kinaitetea sheria ya kuliruhusu, hata kama kinafanya hivyo kwa fedha nyingine kabisa.

Tangu hapo amri hiyo imekuwa kama mlango wa upepo. Rais Clinton aliifuta Januari 1993. Rais Bush mdogo akairudisha Januari 2001. Rais Obama akaifuta Januari 2009. Rais Trump akairudisha Januari 2017, tena akaipanua ihusu karibu misaada yote ya afya, na si ya kupanga uzazi peke yake. Rais Biden akaifuta Januari 2021. Rais Trump akairudisha kwa mara nyingine Januari 2025. Msomaji atazame miezi hiyo: kila mara ni Januari, siku chache tu baada ya rais kuapishwa. Mchango wa Marekani kwa UNFPA nao umekuwa ukipanda na kushuka kwa mwendo uo huo. Ulizuiwa mwaka 2002, ukazuiwa tena mwaka 2017, na ukakatwa tena mwaka 2025.

Wala si Marekani peke yake. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje, na katika mpango wa UNFPA wa kununua dawa za uzazi mchango ulioahidiwa wa paundi milioni 154 ukateremshwa hadi milioni 23 hivi. Hiyo ni punguzo la asilimia 85 kwa mkupuo mmoja. Mwezi Februari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza tena misaada yake yote, kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuongeza matumizi ya ulinzi. Neno hilo tunawaachia askari walipime wenyewe.

Pigo kubwa kupita yote lilikuja siku ya tarehe 20 Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Haikurudi kama ilivyokuwa. Miradi mingi ilifutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID, lililoundwa tangu mwaka 1961, likafikia mwisho wake na kazi zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Katika sekta ya afya ya Malawi hakuna nchi moja iliyokuwa ikitoa kuliko Marekani. Mwaka huo huo shirika la kuhudumia wakimbizi la Umoja wa Mataifa nalo lilitangaza kupunguza maelfu ya wafanyakazi wake duniani. Kambi kama Dzaleka ikapigwa pande mbili kwa wakati mmoja: kama sehemu ya Malawi, na kama makazi ya wakimbizi.

Haki ya mtoaji na haki ya mpokeaji

Hatutaki kumsingizia mtu. Wapo Wamarekani, kama wapo Waafrika wengi, Wakristo kwa Waislamu, wanaoamini kwa dhati kwamba uhai wa mtoto tumboni haupaswi kuguswa, nao hawapendi kodi yao iguse jambo hilo hata kwa mbali. Imani hiyo yastahili heshima. Tena fedha ni yao, na mwenye mali hapangiwi sadaka.

Lakini matokeo yana ushuhuda wake. Mwaka 2019 lilichapishwa katika jarida la tiba la Lancet chunguzi la nchi 26 za Afrika kusini ya Sahara. Wachunguzi walizilinganisha nchi zilizotegemea sana misaada ya Marekani na zile zilizoitegemea kidogo, kabla ya amri ya mwaka 2001, wakati wake na baada yake. Waliona kwamba katika nchi zilizoitegemea sana, wakati amri ilipokuwa na nguvu, matumizi ya njia za kisasa za kupanga uzazi yalipungua kwa asilimia 14 hivi, na utoaji mimba uliongezeka kwa asilimia 40 hivi. Sababu yake si fumbo. Vyama vilivyonyimwa fedha ndivyo vile vile vilivyokuwa vikitoa vidonge, sindano na vipandikizi. Walipofunga milango, wanawake walishika mimba wasizozitaka. Basi hata mtu anayepinga utoaji mimba kwa moyo wake wote hana budi kujiuliza kama amri hii inamsaidia au inamrudisha nyuma.

Wala si haki kuwahesabu Wamarekani wote kuwa wamoja. Serikali yao ilipozuia dola milioni 34 za UNFPA mwaka 2002, wanawake wawili wa nchi hiyo, Jane Roberts na Lois Abraham, waliwaomba wananchi wenzao milioni 34 watoe dola moja moja kila mtu. Barua zenye noti za dola zilimiminika katika ofisi za shirika hilo. Huo ni ubinadamu, nasi tunaushukuru. Ila mama mwenye uchungu hawezi kungoja posta.

Malawi ilivyojisaidia

Yafaa sasa tuseme jambo ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ni kwamba misaada ilipofaa kitu, ilifaa kwa sababu wenyeji walikuwa wameamua. Katika miaka ya 1960 serikali ya Malawi ilikataa kabisa habari ya kupanga uzazi, ikiiona kuwa hila ya kuwapunguza Waafrika. Mwaka 1982 ikakubali mpango wa kuachanisha uzazi, yaani mama apumzike kati ya mtoto na mtoto. Mwaka 1994 ikaweka sera kamili ya uzazi wa mpango. Mwaka 1992 wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa 7 tu katika kila 100. Kufikia 2015 na 2016 walikuwa 58. Ni nchi chache katika Afrika zilizopiga hatua ya namna hiyo.

Vifo navyo vilipungua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2000 ulipata vifo 1,120 vya kina mama katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2004 vilikuwa 984, mwaka 2010 vilikuwa 675, na katika uchunguzi wa 2015 na 2016 vilikuwa 439. Katika muda huo huo, wazazi wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka 55 hadi 91 katika kila 100.

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanaieleza habari hiyo vizuri. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa tangazo la Mexico, Bibi Joyce Banda alinusurika kufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, naye alipona kwa kuwa alikuwa na daktari wa karibu wa kumsaidia. Bibi huyo alipokuwa Rais wa Malawi mwaka 2012, alianzisha mpango wa taifa wa uzazi salama, akahimiza zijengwe nyumba za kungojea uchungu karibu na hospitali, na akawaomba machifu waushike mpango huo kwa mikono yao. Chifu Kwataine wa Ntcheu, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa amekwisha kuonyesha njia kwa kuwataka watu wake wahakikishe kwamba hakuna mama anayejifungulia nyumbani pasipo mkunga. Kwa Chichewa mja mzito huitwa kwa neno lenye maana ya mwenye kungojea. Kazi ya wazee hao ilikuwa kumtafutia mahali salama pa kungojea.

Lakini ukweli una pande mbili. Mwaka 2013 ilifichuliwa huko Malawi kashfa ya wizi wa fedha za umma iliyopewa jina la Cashgate, na wafadhili wengi wakaacha kutoa fedha katika bajeti ya serikali. Ni Lilongwe, wala si Washington, iliyoufunga mfereji safari ile. Mwizi wa fedha ya umma hamwibii waziri. Humwibia mama aliyelala kitandani akingoja chupa ya damu. Twayasema haya si kwa kuwacheka jirani zetu, kwani nani katika Afrika yetu awezaye kusema kwamba mikono ya maofisa wake wote ni safi?

Yatupasayo sisi wenyewe

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilitukanya tusiifanye fedha ya wageni kuwa nguzo ya maendeleo yetu. Wengi walidhani maneno hayo yamepitwa na wakati. Mambo ya mwaka 2025 yameonyesha kwamba hayajapitwa.

Mwezi Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ni nchi chache sana zilizoitimiza ahadi hiyo mwaka baada ya mwaka. Hatusemi kwamba nchi maskini iweze kila kitu kesho asubuhi. Twasema kwamba iko orodha fupi ya vitu ambavyo taifa lolote lenye bendera halipaswi kuviomba: oksitosini, magneziamu salfeti, misoprostoli, damu salama, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na petroli ya gari la wagonjwa. Misaada ikija, na ijenge majengo na kusomesha madaktari. Isipokuja, mama asife kwa ajili ya kichupa kimoja cha dawa. Hakuna jeshi lenye akili linalomwachia jirani ufunguo wa ghala lake la risasi.

Kuhusu wakimbizi liko neno la ziada. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini Malawi, ilipotia sahihi mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti yaliyobana haki ya mkimbizi ya kufanya kazi na ya kutembea. Mwezi Machi 2023 iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi na askari waliingia Lilongwe kuwaondoa. Maduka yalifungwa, na mamia ya watu walishikwa, watoto wakiwamo. Serikali yoyote ina wajibu wa usalama wake, na wafanyabiashara wenyeji walikuwa na malalamiko yao. Lakini matokeo yake ni kwamba mama aliyekuwa akijilipia teksi kwenda hospitali kwa faida ya duka lake amekuwa mtu wa kungojea gari la msaada, katika kambi iliyokuwa imekwisha kujaa. Mgeni amenyang'anywa jembe, kisha analaumiwa kwa kuomba chakula. Kadiri msaada wa nje unavyopungua, ndivyo sharti hilo linavyozidi kuwa ghali kwa Malawi yenyewe.

Wajibu wa mwenye sare

Na sasa twageukia upande wa askari mwenyewe. Asiseme kwamba haya ni mambo ya mawaziri na madaktari. Yako manne aliyo nayo mkononi mwake.

La kwanza ni barabara. Katika ule ucheleweshaji wa pili, wa kufika hospitali, mara nyingi mtu wa mwisho kati ya mama na kitanda ni askari aliyesimama kwenye kizuizi. Karatasi za mkimbizi zaweza kukaguliwa kesho. Damu haikaguliwi kesho. Gari lenye mjamzito lipite, hata kama abiria wake hana kibali cha kutoka kambini, na ikibidi askari alifuate mpaka mlangoni mwa hospitali, afanye ukaguzi wake huko.

La pili ni mwanamke aliyebakwa. Katika vita vya Kongo silaha hiyo imetumika sana, na kambini nako giza halikosi wahalifu. Polisi apokeaye habari hiyo ajue saa zake. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi yapasa ianze ndani ya saa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Zote mbili zikiwahi zaidi ndiyo bora zaidi. Kwa hiyo hospitali ni kwanza, na maelezo marefu ni baadaye. Malawi ina vitengo vya polisi vya kuwasaidia waliodhulumiwa, na Tanzania ina madawati ya jinsia na watoto. Dawati lisilo na mtu usiku halimsaidii aliyedhulumiwa usiku.

La tatu ni nyumbani kwake. Askari huhamishwa, huenda mafunzoni, huenda mpakani, na mara nyingi mke hujifungua mume akiwa mbali. Akiba ya fedha za safari iwekwe mapema, jirani wa kumpeleka hospitali ajulikane, na mume aende naye kliniki angalau mara moja kabla ya kuondoka. Kupanga uzazi pia ni mazungumzo ya wawili. Jemadari hapeleki kikosi kilichochoka mbele tena kabla hakijapumzika, na mwili wa mama nao una haki hiyo.

La nne ni damu. Malawi ilianzisha huduma yake ya taifa ya damu salama mwaka 2003, na Tanzania inayo ya kwake. Kila mahali tatizo ni moja: watoaji wa hiari hawatoshi, na watoto wa shule, ambao ni watoaji wakubwa, huenda likizo. Kambi ya jeshi haiendi likizo. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne. Kombania moja ikijipangia zamu kama inavyojipangia zamu ya lindo, hospitali ya jirani haitakaukiwa. Damu hiyo haina sharti la mfadhili, haingojei uchaguzi wa nchi yoyote, wala hakuna rais wa ng'ambo awezaye kuifuta kwa kalamu yake mwezi wa Januari.

Tunawaomba basi makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi waipange zamu hiyo mwezi huu, waiandike katika daftari la kikosi, na wampe mganga mkuu wa wilaya tarehe na hesabu ya watoaji. Marehemu Chitete aliitoa damu yake kwa mara moja tu, wala haikuwezekana kuirudia. Sisi tulio hai twaweza kutoa ya kwetu, tukarudi kazini siku ile ile.